Doa la Figo

Asubuhi ya kwanza nilikuta miche saba imelala,
imekatwa usawa wa udongo, safi,
kama nywele zilizopitiwa wembe.
Majani yote yapo, yananyauka tu.
Nikasema: kuku wa Subilaga.
Nikasema kwa sauti, upepo ukielekea kwake.

Asubuhi ya tatu, miche kumi na minne.
Nilisimama kwenye ua wa matete nikamwambia maneno
ambayo hata ukungu wa Rungwe haukuweza kuyafunika.
Akanijibu kuku wake wamefungiwa tangu Jumapili,
wanaatamia, njoo uhesabu.
Sikwenda kuhesabu.

Ipyana, mjukuu wangu, darasa la sita,
ndiye aliyeuliza swali la kitoto:
"Bibi, kuku anakata halafu hali?"
Akachukua kijiti, akafukua kando ya shina,
kina cha kidole, si zaidi.
Alikuwa hapo, mnene,
rangi ya majivu yaliyomwagikiwa mafuta,
na tulipomgusa akajikunja pete
kama mtu aliyefumaniwa akajifanya yuko usingizini.
"Sota," nikasema.
Jina nililijua tangu utotoni.
Sura sikuwahi kuiulizia.

Tukamtia kwenye chupa ya jamu, udongo nusu,
kipande cha neti mdomoni, jani la kabichi kila jioni.
Mchana hayupo.
Usiku tukimulika tochi, anakula kama mwenye shamba.

Siku moja jani halikuguswa.
Nikadhani amekufa. Sikusikitika.
Ipyana akachokoa kwa kijiko:
kitu cha hudhurungi, kinang'aa kama punje ya kahawa iliyokaangwa,
hakina mdomo, hakina miguu,
kikiguswa kinatikisa ncha, basi.
Kitabu cha shule kinakiita pupa.
Pupa!
Nilicheka peke yangu jikoni.
Pupa ilikuwa kabla, alipokata miche yangu arobaini na mmoja
akionja huu, akiacha, akienda kwa mwingine.
Huyu wa sasa hana haraka hata ya kupumua.
Baridi ya Julai ikamchelewesha zaidi.
Nilichimba viazi, nikauza, nikaugua kifua, nikapona,
chupa iko palepale juu ya kabati, karibu na redio.

Kisha nondo.
Fundi akisikia neno hilo anawaza zege,
na vijana wakisema mtu kashusha nondo, hoja zake ni nzito.
Huyu alikuwa na uzito wa pumba.
Ipyana akaandika daftarini, ulimi nje:
bawa la mbele, kahawia, kama gome la mkaratusi,
doa moja duara, jingine umbo la figo;
bawa la nyuma, jeupe, maziwa yaliyozidi maji.

Nikalitazama lile figo
na mikono yangu ikalikumbuka kabla yangu.
Tangu umeme ufike Isongole
huyuhuyu, au mama yake, au bibi yake,
huzunguka balbu ya barazani,
nami humkusanya kwa viganja viwili,
"toka, mgeni, utaungua,"
na kumwachia gizani,
upande wa bustani.
Mayai kama chembe za chumvi, chini ya jani.
Mimi ndiye niliyemsindikiza.

Nikajitanda kitenge, nikaichukua chupa hadi kwa Subilaga.
Neno samahani lilinikwama, nikasema tu:
"Njoo umwone mwizi wangu."
Akainama, akatazama muda mrefu.
"Huyu? Mbona kila usiku namfukuzia kwako?"

Tulicheka hadi kuku wakashtuka.

Kabla ya kupanda tena niliazima kwake kuku wanne,
nikawaachia kwenye matuta yaliyopinduliwa.
Wakachakura tangu umande hadi jua kali,
wakidona vile viwavi na vile vipunje vya kahawa.
Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.
Safari hii nilihesabu.